Magugu Yanayotoka Bustani ya Jirani: Kung'oa, Kufunika, Kuziba, Kunyunyizia Dawa au Kuzungumza?

Mtu anayeipalilia bustani yake kila wiki, lakini anapakana na bustani iliyoachwa miaka mingi bila kuguswa, ana tatizo ambalo jembe peke yake haliwezi kulimaliza: anachokiondoa leo kinaletwa tena kesho kutoka upande ambao hana mamlaka nao. Ushauri wa kawaida kuhusu palizi humsaidia nusu tu, kwa sababu huchukulia kwamba chanzo cha magugu kimo ndani ya eneo la mwenye bustani, ilhali kwake yeye chanzo kiko ng'ambo ya ua na bado kinaendelea kuzaa. Katika ulinganisho huu nitazipanga sambamba njia ambazo watu huzitumia zaidi, nikieleza kila moja inafaa lini, inashindwa wapi, na inadai jasho na muda kiasi gani. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea kusoma: kinachopaswa kuamua uchaguzi wa njia ni jinsi gugu linavyovuka mpaka, wala si urefu wake au ubaya wake machoni.

Yanavukia wapi?

Magugu huvuka mpaka kwa njia chache tu, na kila njia huacha alama zake. Yale yanayopita chini ya ardhi, kama vile ukoka, sangari na ndago, hushambulia kama jeshi lenye mstari wa mbele: huwa mengi karibu na ua na hupungua kadiri mtu anavyoingia ndani ya bustani. Yale ambayo mbegu zake zina manyoya na kubebwa na upepo hutawanyika kila mahali bila mpangilio, na huota zaidi kwenye udongo ulio wazi. Kishona nguo hufuata njia wanazopita watu na mbwa, kwa kuwa mbegu zake zenye miba midogo hushika nguo na manyoya ya wanyama. Mvuti, ule wenye jina la kitaalamu la Lantana camara, huota chini ya miti na kando ya nyaya na nguzo, mahali ambapo ndege waliokula matunda yake hutua kupumzika. Yapo pia yanayofuata maji ya mvua kutoka kiwanja cha juu kwenda cha chini, na yapo matambazi ambayo hupanda tu juu ya ua na kushukia upande wa pili bila kujificha.

Asiyekuwa na hakika anaweza kupata jibu kwa mchana mmoja. Achimbe mtaro mwembamba wenye kina cha sentimita 30 hivi, sambamba na ua, kisha aukague ukuta wa mtaro ulio upande wa jirani. Akiona mashina meupe yenye ncha kali yakichomoza kuelekea kwake, amekwisha kujua kwamba adui anapita chini kwa chini. Asipoona kitu, basi macho yake yageukie juu, kwenye maua na mbegu. Nimeona watu wakinunua plastiki nzito na kuizika kwa siku mbili nzima ili kuzuia gugu ambalo mbegu zake zilikuwa zikielea hewani juu ya vichwa vyao, kwa sababu tu hawakuanza na mtaro huo mdogo.

Kung'oa au kufunika

Hizi ndizo njia mbili ambazo karibu kila mtu huanza nazo, na kwa magugu ya msimu mmoja zote mbili ni nzuri. Kung'oa huonyesha matokeo papo hapo, hakuhitaji kifaa cha ajabu, na hukuwezesha kuiokoa mimea unayoitaka iliyochanganyika na magugu. Hufanikiwa zaidi udongo ukiwa na unyevu na gugu likiwa bado halijatoa maua. Kipengele hicho cha maua si cha kupuuza hata kidogo. Gugukaroti, kwa mfano, huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000 kwa mmea mmoja, kwa hiyo mche mmoja ulioachwa hadi ukakomaa unaweza kurudisha nyuma kazi ya msimu mzima. Tena gugu hilo huwasha ngozi na kuwasumbua wenye matatizo ya pumzi, hivyo anayeling'oa avae glavu na mikono mirefu, na asilichome moto karibu na makazi.

Kwa magugu yenye mashina ya chini ya ardhi, hata hivyo, kung'oa kwa pupa ni sawa na kuyapanda upya. Kila kipande cha ukoka au sangari kilicho na kifundo kinaweza kuwa mmea kamili, na mashine ya kulimia inayozungusha visu hukata shina moja kuwa miche hamsini na kuieneza mahali ambapo haikuwapo. Kifaa kinachofaa ni uma wa bustani, ambao huunyanyua udongo bila kukatakata, halafu mashina hufuatwa kwa mkono hadi mwisho wake. Ndago ni mkaidi zaidi. Vijiazi vyake huunganishwa kama shanga kwenye uzi, na vingi hukaa katika sentimita 15 za juu za udongo, vingine vikishuka chini zaidi. Uzi ule unapokuwa mzima, kijiazi cha mwanzo huvizuia vingine visichipue. Ukikatwa, vilivyokuwa vimelala huamka. Ndiyo maana mtu hung'oa ndago kumi na baada ya wiki mbili akakuta ishirini, akadhani kuna uchawi. Anayeamua kupambana nazo kwa mkono inambidi arudi kila baada ya wiki mbili au tatu, bila kuruka hata mara moja, mpaka akiba ya chakula iliyomo kwenye vijiazi iishe.

Kufunika hubadilisha jasho kuwa subira. Unafyeka magugu hadi chini, unatandaza maboksi yaliyolainishwa kwa maji huku kingo zake zikipandiana vizuri, kisha juu yake unaweka matandazo ya majani makavu au maganda ya mbao yenye unene wa sentimita 10. Mbegu ndogo ambazo huhitaji mwanga ili ziote hubaki zimelala, na miche dhaifu hufa kabla ya kufika juu. Ukitaka nguvu zaidi unatumia turubai jeusi au plastiki nyeusi isiyopenyeza mwanga, na kwa magugu ya kudumu huenda ukaiacha mahali pake mwaka mzima au zaidi. Kuna pia njia ya plastiki angavu, ambayo hubanwa juu ya udongo ulioloweshwa katika majuma ya jua kali kwa wiki nne hadi sita ili joto lipike mbegu zilizo karibu na uso wa udongo; huua mbegu nyingi, lakini vijiazi na mashina yaliyo chini zaidi mara nyingi huokoka. Kasoro ya kufunika ni kwamba tuta halitumiki kwa muda huo wote, na kwamba ncha ya ndago ni kali kiasi cha kutoboa plastiki nyembamba kana kwamba ni karatasi.

Kuna kasoro nyingine ambayo kwa mwenye jirani asiyepalilia ni kubwa kuliko zote, nayo husahaulika sana. Kufunika huua gugu kwa kulinyima mwanga, yaani kwa kuyazuia majani yake yasitengeneze chakula. Lakini shina la ukoka lililo chini ya turubai lako, kama bado limeungana na mmea ulio upande wa jirani, halina njaa: majani yaliyo juani ng'ambo ya ua yanaendelea kulilisha. Unaweza kuacha turubai hadi lichakae, na ukanda wa mita moja ulio karibu na mpaka ukabaki hai. Jambo hilohilo huathiri kung'oa, na kama tutakavyoona, huathiri dawa pia. Kwa magugu ya chini kwa chini, basi, hatua ya kwanza ni kukata uhusiano, halafu ndipo yafuate mengine.

Nikilazimika kuchagua kati ya hizi mbili, nitasema hivi: kwenye tuta lenye miti ya matunda, mboga za kudumu au maua usiyotaka kuyapoteza, ng'oa; kwenye eneo tupu lililokwisha kumezwa na magugu, funika, lakini baada ya kukata mpaka.

Kuziba chini ya ardhi: plastiki nzito, mtaro, au ukanda safi

Njia ya kukata uhusiano iliyozoeleka ni kuzika kizuizi cha plastiki nzito wima kando ya mpaka. Kwa nyasi zinazotambaa, sehemu kubwa ya mashina hukaa katika sentimita 30 za juu, ingawa kwenye udongo wa kichanga hushuka zaidi. Kwa mianzi inayotambaa, kina cha sentimita 60 au zaidi ndicho hupendekezwa. Ukingo wa juu lazima ubaki nje ya udongo kwa sentimita tano hivi, kwa sababu ukizikwa wote, mashina yatapita juu yake chini ya majani makavu na hutayaona mpaka yamekwisha kutia mizizi. Maungio yapandiane na kubanwa imara; pengo la upana wa kidole linatosha. Mabati hutumiwa mahali pengi kwa kazi hii, nayo hufaa kwa muda, lakini hushika kutu na kutoboka, na kuyafukua yaliyokwisha kuoza ni kazi chungu kuliko kuyazika.

Mtaro wa wazi ni ndugu maskini wa kizuizi, lakini si wa kudharauliwa. Ni mfereji wenye upana wa beleshi na kina cha sentimita 25 hadi 30, ambao huachwa bila kujazwa. Mashina yanayovuka hutokeza hewani, hukauka, au hukatwa mara moja kwa mwezi kwa beleshi kali. Haugharimu kitu isipokuwa nguvu, na una faida ambayo plastiki haina: unakuonyesha. Ukiukagua kila mwezi unajua ni sehemu gani ya mpaka inayoshambuliwa na gugu lipi. Kwa upande mwingine, kingo zake hubomoka, maji hutuama ndani yake, mtoto au mzee anaweza kujikwaa, na ukichimbwa ukutani kabisa unaweza kudhoofisha msingi wa ukuta huo. Pawe na nafasi ya kutosha kati ya mtaro na msingi wowote.

Njia ya tatu ni ukanda safi, yaani kuacha eneo lenye upana wa nusu mita hadi mita moja kando ya mpaka bila kupanda kitu cha kudumu, likafyekwa au kulimwa juujuu mara kwa mara. Chochote kinachovuka huonekana mapema. Wenye bustani ndogo huona uchungu kupoteza nafasi hiyo, na ninawaelewa, lakini mara nyingi ndicho kipande ambacho tayari wamekipoteza kwa magugu.

Ningeshauri kuanza na mtaro kwa msimu mmoja, kisha kuteremsha plastiki ndani ya mtaro huohuo pale tu ambapo umethibitisha kuwa panapitwa. Kuna mimea michache, ikiwemo Reynoutria japonica iliyotoka Asia ya Mashariki na kuenea Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambayo mizizi yake huenda mbali na kina kirefu mno kwa kizuizi cha kujizikia mwenyewe, na ambayo huweza kuota upya kutoka kipande kidogo cha shina. Kwa hiyo, mtu asiichimbue kwa majaribio, bali atafute mwenye ujuzi nayo.

Dhidi ya mbegu za upepo na ndege, plastiki ya chini ya ardhi haina kazi yoyote. Hapo kinga ni kutouacha udongo wazi: matandazo mazito, mimea ya kufunika ardhi iliyosongamana, na ua hai wenye majani mengi kutoka chini hadi juu, ambao hunasa mbegu nyingi zinazopeperuka karibu na ardhi. Hazizuii zote. Zinapunguza tu idadi ya zinazopata mahali pa kushika.

Dawa: ya kuunguza au ya kupenya

Viuagugu vinavyouzwa kwa wenye bustani, kwa kazi hii, vinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huunguza sehemu iliyoguswa tu. Majani hunyauka siku hiyohiyo au kesho yake, mwenye bustani hufurahi, na baada ya wiki chache mizizi huchipua upya. Hufaa kwa miche michanga ya msimu mmoja. Siki ya kawaida imo katika kundi hili hata kama hutajwa kana kwamba ni siri ya mababu: asidi yake huunguza miche laini na kuiacha mizizi salama. Chumvi ni mbaya zaidi, kwa kuwa haichagui na haiondoki upesi. Inaharibu udongo wako kwanza, kisha inafuata maji hadi kwa jirani.

Kundi la pili hupenya kwenye jani na kusafirishwa hadi mizizini. Inayojulikana zaidi ni glifosati, iliyoingia sokoni mwaka 1974. Kwa magugu ya kudumu yenye mashina ya chini, ina uwezo ambao jembe halina, mradi jani liwe bichi, linakua, na halina kiu. Jani lililonyauka kwa ukame halisafirishi dawa. Inaua pia karibu kila mmea wa kijani inaougusa, ikiwemo mboga zako na waridi la jirani. Kuhusu usalama wake, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, huku mamlaka kadhaa za udhibiti zikifikia hitimisho tofauti. Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10 mwaka 2023. Msomaji ana haki ya kupima mwenyewe, lakini asipime baada ya kunyunyizia.

Sasa turudi kwenye ule ukanda wa mpaka. Ukinyunyizia majani ya upande wako tu, dawa itaua kipande fulani cha shina linalovuka, lakini mmea mama ulio ng'ambo utabaki na utatuma mashina mengine. Kishawishi kinachofuata ni kuelekeza bomba juu ya ua kidogo tu, upepo ukiwa mtulivu. Usifanye hivyo. Hata kama bustani ya jirani inaonekana kama pori, kunyunyizia sumu kwenye ardhi ya mtu bila idhini yake hukugeuza kutoka mlalamikaji kuwa mkosaji, na huwezi kujua kuna nini ndani ya lile pori: mzinga, kisima, mbuzi, au mti ambao mwenyewe anaupenda. Pale ninapoona dawa ina nafasi, ni katika kupaka kwa brashi kwenye kisiki kilichokatwa muda huohuo, kwa mfano kisiki cha mvuti kilicho upande wako, ambapo tone halipeperuki na mimea ya karibu haiguswi. Maelekezo ya kwenye kibandiko, pamoja na vipimo na mavazi, yafuatwe yalivyo. Kuongeza kipimo hakuongezi matokeo, na majani yakiungua haraka mno, dawa haifiki mizizini.

Jirani mwenyewe: kuzungumza, kujitolea, au kushitaki

Njia zote zilizotajwa hadi hapa hukinga, lakini hazigusi chanzo. Chanzo kiko mikononi mwa jirani, na kwa mbegu zinazopeperuka ndiye pekee anayeweza kukizima. Ajabu ni kwamba watu wengi hujaribu njia hii mwisho, baada ya kukasirika, wakati ingefaa iwe ya kwanza, kabla hasira haijapata majani.

Bustani haiachwi pori kwa sababu moja tu. Kuna mwenye nyumba aliyeugua au kuzeeka, kuna warithi ambao hawajagawana, kuna mpangaji anayeamini ni kazi ya mwenye nyumba na mwenye nyumba anayeamini ni kazi ya mpangaji, na kuna mtu ambaye kwa dhati hajui kuwa lile ua zuri la njano ni balaa. Kwa kila mmoja wao maneno ni tofauti, lakini ombi linaweza kuwa moja, nalo liwe dogo na lenye kipimo. "Safisha bustani yako" ni ombi ambalo mtu aliyechoka hawezi kulitimiza, na pia ni tusi. "Naomba ruhusa niufyeke ukanda wa mita mbili ulio kando ya ua, kabla magugu hayajatoa maua, na takataka nitaziondoa mwenyewe" ni ombi ambalo ni vigumu kulikataa.

Najua ombi hilo huwaudhi wengi. Kwa nini nifanye kazi ya mtu mwingine? Jibu langu ni la hesabu, si la wema. Kufyeka ukanda huo mara mbili au tatu kwa msimu huchukua saa chache, ilhali kung'oa miche ya mbegu zake huchukua majuma. Mbegu nyingi, hata za upepo, huanguka karibu na mmea uliozizaa, kwa hiyo mita chache za kwanza zina uzito mkubwa kuliko pori lote lililobaki nyuma. Na kwa magugu ya chini kwa chini, kufyeka upande wa pili hupunguza kile chakula kinachovushwa chini ya ua. Idhini hiyo iwe ya maandishi hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, itaje eneo na kifaa kitakachotumika, na isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kunyunyizia dawa.

Mwenye kiwanja akiwa hayupo, barua yenye tarehe na picha hupita mazungumzo, kwa sababu inaweza kutumwa popote na huwa kumbukumbu ikiwa mambo yatafika mbali. Picha zipigwe kutoka upande wako, za mahali palepale, kila mwezi.

Sheria ni njia ya mwisho, lakini si tupu. Nchini Kenya, sheria ya kudhibiti magugu hatari, Sura ya 325, humpa mwenye dhamana ya ardhi wajibu wa kuyaondoa magugu yaliyotangazwa rasmi kuwa hatari. Afrika Kusini, kanuni kuhusu viumbe vamizi huorodhesha mimea ambayo mwenye ardhi lazima aidhibiti, na mvuti na gugukaroti zimo katika orodha hiyo. Nchini Uingereza, mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua dhidi ya Network Rail, kampuni inayosimamia njia za reli, kwamba mashina ya Reynoutria japonica kuingia kwenye ardhi ya majirani yanaweza kuwa kero inayodaiwa mahakamani hata kabla hayajaharibu jengo, kwa sababu yanamnyima mwenye ardhi matumizi na starehe ya mali yake. Kinachoonekana katika mifano hii ni kwamba sheria hushughulikia mimea iliyotajwa au madhara yanayothibitika. Uchafu wa kawaida na nyasi ndefu mara nyingi haziingii, isipokuwa chini ya kanuni za afya na usafi za mamlaka ya eneo. Kabla ya kwenda popote, basi, litambue gugu kwa jina lake la kitaalamu, kwa kuwa ofisi zinaposoma "majani mabaya" hazina pa kuanzia. Na ujue kwamba gugu halisubiri tarehe ya kusikilizwa kwa shauri. Mtaro wako uendelee kukaguliwa.

Kulinganisha kwa haraka kulingana na hali

Anayeshambuliwa na ukoka au sangari aanze na mtaro, aombe ruhusa ya kufyeka upande wa pili, kisha afunike au ang'oe kwa uma ndani ya eneo lake. Mwenye ndago afanye hivyohivyo, lakini asitegemee plastiki nyembamba, na aongeze kivuli: panda mimea yenye majani mapana yanayofunga haraka, kwa sababu ndago hupenda jua na hudhoofika chini ya kivuli kizito. Anayesumbuliwa na gugukaroti au kishona nguo aelekeze nguvu zote kwenye kufyeka na kung'oa kabla ya maua pande zote mbili, na asipoteze muda kwa vizuizi. Mwenye mvuti ang'oe miche midogo inayoota chini ya mahali ndege wanapotua, kazi ambayo huwa nyepesi ikifanywa mapema na nzito mno ikiachwa mwaka mmoja. Matambazi yanayoning'inia juu ya ua yakatwe kwenye mstari wa mpaka tu. Sheria za nchi nyingi huruhusu hilo, lakini hakikisha hali ilivyo kwako, na usiyatupe tena upande wa jirani hata kama ni yake.

Kuhusu muda wa kungojea matokeo, ni vyema mtu awe mkweli nafsini mwake. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za mimea 21, nyingi kati yake zikiwa za magugu, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ili zifukuliwe moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, miaka 142 baadaye, bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Mbegu nyingi haziishi hivyo, lakini jambo hilo linaeleza kwa nini bustani huendelea kuchipua magugu hata baada ya jirani kusafisha kiwanja chake chote. Kinachochipua sasa ni akiba iliyomo tayari kwenye udongo wako, na akiba hiyo hupungua tu ikiwa hakuna mbegu mpya inayoongezwa na ikiwa hulimi kwa kina na kuzileta juu zile zilizozikwa.

Pa kuyapeleka yaliyong'olewa

Miche isiyo na maua inaweza kuachwa juani juu ya matandazo ikaoza hapohapo. Yenye mbegu isitupwe kwenye rundo la mboji la kawaida, kwa kuwa mbegu nyingi hufa pale tu rundo linapofikia nyuzi joto 55 hadi 60 kwa siku kadhaa na kupinduliwa ili kila sehemu ipate joto hilo. Marundo mengi ya nyumbani hayafiki huko. Mashina ya ukoka na vijiazi vya ndago huhitaji adhabu yake: ama kuanikwa juu ya bati hadi yavunjike kama vijiti, ama kuzamishwa ndani ya ndoo ya maji iliyofunikwa kwa wiki kadhaa hadi yaoze na kuwa uji unaonuka, ambao ndipo huweza kumwagwa kwenye mboji bila hofu. Mifuko ya mbegu iliyokwisha kukomaa ifungwe kabla ya kubebwa, na ibebwe ikiwa imeelekezwa mdomo juu, maana kuna bustani zilizopata kishona nguo njiani kutoka kwenye ua hadi jalalani.